Weka chini hiyo brashi ya waya

Swahiba,

Salamu nyingi, kwako na kwa wote walio karibu nawe. Najua mimi ndiye niliyenyamaza muda wote huu, utanilaumu baadaye. Leo naandika mbiombio kwa sababu Mjomba ameniambia umepata kopo la oili la zamani, la Shell, na kwamba Jumamosi unakusudia kulisugua mpaka ling'ae. Kwa brashi ya waya! Nilimwomba arudie, nikidhani sikusikia vizuri. Akarudia.

Tafadhali, weka chini hiyo brashi. Na ile tina, ya kuyeyushia rangi, ifunge uirudishe ilikotoka.

Unalikumbuka kopo langu la Mobiloil, lile la Gargoyle, lenye zimwi jekundu? Hujaliona siku nyingi kwa sababu nimeligeuza uso ukutani. Chini kabisa, karibu na ukingo, palikuwa na mstari wa herufi ndogo uliofunikwa na grisi iliyokauka. Mimi na ujuaji wangu nikalowesha kitambaa kwa tina. Grisi ikatoka vizuri sana, na wino ukatoka pamoja nayo. Kilichosalia ni "cuum Oil Com", basi. Sasa, kampuni ya Vacuum Oil, wenye Mobiloil, iliungana na Socony, kampuni nyingine ya mafuta ya Marekani, mwaka 1931, na jina la Socony-Vacuum likadumu hadi 1955. Kwa hiyo neno moja tu, Socony, lingeniambia kama kopo ni la kabla ya muungano au la baadaye. Neno hilo lilibaki kwenye kitambaa, na kitambaa nilikitupa. Kila nikilipita kopo lile naona haya kama mtu aliyechoma cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa watu.

Ndiyo maana nakusihi: soma kwanza, usafishe baadaye. Mjomba amenitumia picha. Umemwambia ni kopo la enzi za vita, kwa kuwa mzee aliyekupa kasema hivyo. Mzee namheshimu, lakini pembeni pale naona herufi MS. Huo ni mpango wa API, taasisi ya mafuta ya Marekani, wa kupanga oili kwa kazi yake, ulioanza 1952, na mwaka 1970 nafasi yake ikachukuliwa na SA, SB, SC na wenzake. Vita ilikwisha kopo lako halijazaliwa! Tena lile kombe la nembo ya Shell lina mistari mingi, si lile jepesi alilolichora Raymond Loewy mwaka 1971. Mimi nasema miaka ya hamsini au sitini. Ila tusiapie: alama kama hizi hukwambia kopo haliwezi kuwa la kabla ya lini. Likamalizikia lini kiwandani ni habari nyingine, maana mwenye shehena ya mabati yaliyokwisha kuchapwa hayatupi kwa sababu nembo imebadilika.

Chukua kioo cha kukuzia uangalie rangi. Makopo mengi ya wakati ule yalichapwa rangi moja moja, nyekundu ikakaa kama nyekundu kamili. Ukiona picha nzima imeundwa kwa vidoto vya rangi nne, kama gazeti, shuku kwamba umeuziwa la kuigiza. Halafu tazama mshono wa ubavuni: wa zamani ulikunjwa ukalehemiwa, unaona risasi imetuna kidogo. (Fundi mrefu atacheka akisikia nakufundisha wewe mambo ya kulehemu.)

Kusafisha kwenyewe hakuna ushujaa. Vumbi kwa brashi laini, kisha kijiti chenye pamba na maji yenye sabuni kidogo, ukijaribu kwanza mahali pasipoonekana. Pamba ikishika rangi, acha papo hapo. Kausha mara moja, ndani ya mikunjo hasa, kisha paka nta nyembamba. Kutu iliyokwisha kula bati iache ilivyo, maana ukiisugua unang'oa na wino uliobaki pembeni yake. Dawa za kuondoa kutu zinatia tamaa, najua, lakini nyingi hazibagui kutu na rangi. Na usiliweke juani: nyekundu na njano ndizo hukimbia kwanza, na kopo lako lina nini kingine? Wala usilifungie kwenye mfuko wa plastiki, litatoa jasho humo.

Nilitaka pia kukwambia habari ya ule mguu wangu, lakini… siku nyingine. Umepona, karibu.

Jambo moja limenikosesha usingizi. Je, bado limejaa? Litikise uniambie. Wapo wanaosema kopo lililojaa lisiguswe. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu mshono ukichoka oili huvujia kwenye rafu na kuharibu makopo ya jirani. Ningetoboa tundu dogo chini, penye kitako, nikaimwaga chomboni na kuipeleka panapopokelewa oili chafu. Lakini ni lako, uamuzi wako.

Sasa nijibu basi. Kifuniko kimetobolewa kwa mdomo wa kumiminia, au ni kizima? Juu ya bati pamegongwa namba yoyote? Namba ya uzito wa oili imeandikwa mbili, kama 10W-30, au ni moja tu? Kuna karatasi iliyobandikwa, au yote imechapwa kwenye bati lenyewe? Mzee alilitunza wapi miaka yote hiyo, na hana mengine? Na hiyo brashi, umeshaigusisha? Sema kweli tu, mimi wa kukucheka sipo.

Wako,
mwenye kopo lililogeuzwa ukutani