Mgonjwa apewe mofini kabla ya sheria ya kifo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala wa kuhalalisha daktari kumsaidia mgonjwa asiyetarajiwa kupona akatishe uhai wake. Wanaounga mkono hoja hiyo huanza karibu wote na maumivu: saratani imeingia mifupani, mgonjwa halali usiku, nani ana haki ya kumlazimisha aendelee kuteseka? Swali hilo ni zito na silipuuzi. Hata hivyo, wagonjwa wenyewe wanapoulizwa hutanguliza mambo mengine.

Jimbo la Oregon nchini Marekani limekuwa na sheria ya aina hiyo tangu mwaka 1997. Mgonjwa sharti awe mtu mzima mwenye akili timamu, madaktari wawili wathibitishe kwamba hatarajiwi kuishi zaidi ya miezi 6, na dawa ainywe mwenyewe. Katika ripoti za kila mwaka za jimbo hilo, sababu zinazotajwa zaidi ni kupoteza uwezo wa kujiamulia na kushindwa kufanya yale yaliyompa mtu furaha. Wanaotaja hofu ya kuwa mzigo kwa familia ni wengi kuliko wanaotaja maumivu.

Hapo kwenye mzigo ndipo penye wasiwasi wangu. Mgonjwa anayegeuzwa kitandani usiku na mchana ili asipate vidonda huuona uchovu wa binti yake na husikia gharama zikijadiliwa chumba cha pili, hata kama hakuna aliyemwambia neno. Sheria ikishapitishwa, kuendelea kwake kuishi kutageuka uamuzi anaopaswa kuutolea sababu, na sioni jinsi daktari, hata awe mwadilifu kiasi gani, atakavyotambua kwa mahojiano machache kama ombi limetoka kwa mgonjwa au limetokana na kuwaonea huruma wanaomuuguza.

Kuhusu maumivu yenyewe, dawa ipo. Mofini ya maji, inayonywewa kila baada ya saa 4 na kuongezwa kidogo kidogo hadi maumivu yatulie, pamoja na dawa ya kulainisha choo kwa sababu mofini hufunga choo, huwapa nafuu wagonjwa wengi wa saratani, na kwa kipimo kidogo hupunguza hata ile hali ya kukosa pumzi inayowatia hofu kubwa. Uganda iliwaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa, yaani matunzo ya kumpunguzia maumivu na mateso mwenye ugonjwa mzito, kuiandika dawa hiyo, ikawafikia wagonjwa walio mbali na daktari. Pamoja na hayo, Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ni asilimia 14 tu ya wanaohitaji tiba shufaa duniani wanaoipata.

Wapo wachache ambao mofini haiwatoshi, na kwao madaktari wanaweza kutumia dawa za kuwalaza usingizi mzito hadi mauti yawakute. Wapo pia wanaokataa kuendelea na mashine ya kupumulia. Kuheshimu uamuzi wao ni jambo tofauti kabisa na kuwaandikia dawa ya kuua, na inasikitisha kuona wachangiaji wakiyachanganya mawili hayo.

Kwa hiyo, bunge lolote linaloletewa muswada huu liitake kwanza wizara ya afya ieleze ni hospitali ngapi zina mofini wakati wote, nani anaruhusiwa kuiandika, na nani anamfuata mgonjwa nyumbani akisharuhusiwa. Majibu hayo yasiporidhisha, muswada usubiri.

Msomaji wako