Kikao cha Jumamosi: mabadiliko ya saa na mahali

Ndugu wanakikundi, habari za jioni.

Kikao chetu kitaanza saa tisa alasiri badala ya saa nane, barazani kwa katibu, Kirumba, kwa kuwa kibanda chetu kimevuja na mikeka haijakauka.

Tutasoma hekaya mbili za Aesop, msimulizi wa kale wa Ugiriki, kwa Kiingereza, ya mbweha na zabibu na ya simba na mawindo, tukitenganisha maana ya wazi na maana fiche ya misemo iliyozaliwa humo. Zabibu chungu ("sour grapes") hazitatusumbua, maana tunayo "sizitaki mbichi hizi"; kazi ipo kwenye fungu la simba ("the lion's share"), ambalo wiki iliyopita mmoja wetu alilitafsiri "hisa za Simba", tukacheka hadi chai ikapoa. Angalieni kwamba simba wa hekaya hutwaa mawindo yote, ilhali Waingereza wa leo humaanisha fungu kubwa tu.

1. Kila mmoja aje na msemo wa Kiswahili au Kisukuma wenye maana mbili.
2. Mchango ni shilingi 2,000, za kudurufu na chai, kwa mtunza hazina.

Tafadhali thibitisheni hapa kabla ya Alhamisi saa mbili usiku. Wanaovuka kutoka Sengerema kwa kivuko cha Kamanga watutajie saa ya kufika, ili tusianze bila wao.