Gesi Inayotoroka Haina Mita: Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa PURA

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Udhibiti Mkondo wa Juu wa Petroli (PURA)

YAH: KUPIMWA KWA METHANI INAYOVUJA KWENYE VITUO VYA GESI

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Salaam kutoka kusini. Mimi ni fundi mstaafu. Nimekaza na kulegeza nati za mabomba ya gesi kwa miaka mingi, katika kituo ambacho sitakitaja kwa sababu niliowaacha kazini bado wanalisha watoto kwa kazi ile.

Nitaanza na asubuhi moja ya msimu wa kusi. Tulikuwa wawili na chupa ya maji ya sabuni, mimi na kijana niliyekuwa namfundisha. Tulipaka sabuni kwenye flanji moja, yaani maungio ya mabomba yanayokazwa kwa nati, povu likachemka kama uji wa watoto. Kijana akainua kipima gesi alichokuwa amekivaa shingoni, hatua moja tu kutoka pale: sifuri. Tukampelekea habari mkubwa wa zamu. Akauliza swali moja, "Kengele imelia?" Haijalia. "Basi endeleeni, tutaiandika kwa matengenezo yajayo." Matengenezo yajayo yalikuja baada ya miezi saba.

Mkubwa yule hakuwa mzembe. Alifuata alichofundishwa, nami nilifundishwa hichohicho. Methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi yetu, hushika moto ikifikia kama asilimia 5 ya hewa, na vyombo vyetu vilipangwa kulia mapema kabla ya hapo, ikifika kama asilimia 1. Ndani ya chumba kilichofungwa utaratibu huo umeokoa maisha ya watu. Uwanjani, pwani, kusi ikivuma, gesi inapeperushwa kabla haijakusanyika, na kengele itanyamaza hadi Kiama. Chombo kile kilikuwa kinajibu swali moja tu: je, leo tutaungua? Hakuna aliyetuuliza swali la pili: zimeondoka kilo ngapi?

Ndugu Mkurugenzi, swali hilo la pili ndilo lililonifanya nikuandikie.

Gesi ya visima vyetu vya kusini, Songo Songo na Mnazi Bay, ni kavu na safi; zaidi ya asilimia 95 yake ni methani tupu. Haina rangi wala harufu. Ile harufu anayoijua mama nyumbani huongezwa makusudi, na wengi hawajui hilo. Ikichomwa, inatoa hewa ukaa pungufu kuliko makaa ya mawe au mafuta mazito, na ndiyo maana tunaisifu. Ikitoroka mbichi, hadithi inageuka. Kwa kipindi cha miaka 20, kilo moja ya methani inapasha joto dunia zaidi ya mara 80 ya kilo moja ya hewa ukaa. Baada ya miaka kama 12 hivi sehemu kubwa yake huwa imeshavunjika angani, kwa hiyo anayeziba uvujaji leo anaona faida yake mapema.

Tuchukue mfano wa flanji inayovuja kilo moja kwa saa, ambayo kwa fundi ni jambo dogo. Kwa mwaka ni kilo 8,760. Gari ndogo inayotumia gesi, inayojaza kilo 10 kwa mara moja, ingejazwa mara 876 kwa gesi hiyo. Madereva wa Dar es Salaam wamepanga foleni usiku kucha kungoja gesi, na huku flanji moja inapuliza baharini safari 876 za kujaza. Na kituo cha gesi hakina flanji moja tu. Kina vali, sili za kompresa, mitambo ya kukausha gesi inayopumua, na vidhibiti vya zamani vinavyoendeshwa kwa presha ya gesi yenyewe, ambavyo kila vikijifungua na kujifunga vinatema kidogo hewani. Hivyo vya mwisho vinanikera kuliko vyote, kwa sababu havijaharibika: vimeundwa vivujishe. Ukiviendesha kwa hewa ya kawaida ya kompresa, uvujaji wake unakwisha.

Mwaka 2013 Mtwara palisikika kilio cha "gesi haitoki", watu wakipinga gesi yao kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba. Watu walikufa katika vurugu zile, na mimi si wa kulifanyia mzaha jambo hilo. Lakini kauli ile hunirudia kila nikikumbuka povu la asubuhi ile. Gesi iliyopita kwenye mita kwenda kwenye mitambo ya umeme ya Kinyerezi, Dar, ilihesabiwa, ikalipiwa mrabaha, na halmashauri zetu zikapata ushuru wa huduma. Iliyotoka kwenye flanji kabla ya mita haikumlipa mtu yeyote, si Kilwa, si Mtwara, si Hazina.

Najua jibu mojawapo litakuwa kwamba bomba si lenu. Sheria ya Petroli ya 2015 imewapa ninyi mkondo wa juu, yaani utafutaji na uchimbaji, na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, mkondo wa kati na wa chini, yaani kusafisha, kusafirisha na kuuza. Sawa. Lakini methani haisimami kwenye mpaka wa leseni ikaonyesha kitambulisho. Kisima kikiwa na kanuni yake, mtambo wa kusafisha ukiwa na yake, na bomba la zaidi ya kilomita 500 la kwenda Dar likiwa na yake, kila mmoja atadhani hesabu iko kwa mwenzake. Kaeni na EWURA na NEMC, baraza la mazingira, mtoe kanuni moja.

Jibu la pili nimelisikia kwa wasomi: sisi ni wadogo, waanze wakubwa. Norway ilipoanza kuchimba mafuta mwaka 1971 ilikataza gesi kuchomwa ovyo tangu mwanzo, ikiwa bado mgeni katika biashara hiyo. Nigeria, jirani yetu wa bara moja na mwenye uchafu mwingi kuliko sisi, ilitoa miongozo yake ya methani mwaka 2022. Na wateja nao wameanza kudai vipimo. Umoja wa Ulaya una kanuni iliyoanza kutumika Agosti 2024, inayowataka wanaoagiza gesi kutoka nje waonyeshe, hatua kwa hatua, jinsi methani ilivyopimwa huko ilikochimbwa. Tunataka kusindika gesi ya bahari kuu pale Likong'o, Lindi, tuiuze nje. Meli ya kwanza ikija, tutamwonyesha mnunuzi daftari lipi?

Msitegemee satelaiti tu. Zile zinazozunguka dunia nzima huona mawingu makubwa ya gesi, ya tani nyingi kwa saa, na juu ya bahari na mawingu yetu ya pwani huona kwa shida. Haziwezi kuona flanji yangu. Kamera ya infraredi mkononi mwa fundi aliyefunzwa inaiona, kama moshi unaopanda kwenye jiko.

Ninachoomba ni hiki. Kila kituo kikaguliwe kwa kamera hiyo angalau mara moja kila miezi mitatu, na uvujaji upewe siku za kuzibwa, si "matengenezo yajayo". Gesi inayoachiliwa wakati wa matengenezo iandikwe, kwa kilo. Kisha kila mwaka mtuchapishie, kituo kwa kituo, tani zilizotoroka. Kwa kuanzia sitaki faini, kwa sababu faini ikitangulia vipimo, watu watajifunza kuandika sifuri. Nimeona sifuri nyingi zilizoandikwa kwa kalamu nzuri.

Na fundi anayeripoti asionekane mchongezi. Kijana wangu yule aliacha kuripoti mwaka wake wa pili, maana kila taarifa ilimwongezea kazi na haikumwongezea sifa.

Nilikuwa na daftari langu binafsi: tarehe, vali gani, povu kubwa au dogo, lini ilizibwa. Halina kilo hata moja, kwa sababu hatukuwa na cha kupimia. Lakini linaonyesha zipi zilirudia kuvuja, na ni zilezile. Mkianza kuandika kanuni hiyo, nitapanda basi nilete mwenyewe.

Wako mtiifu,

Fundi mstaafu,
Kilwa Masoko