Gavana awe wa mwisho kulipwa

Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu miaka mingi na sijawahi kuandika hata siku moja, lakini ile ripoti ya mishahara ya maofisa wa serikali, ile mlioweka jedwali kuanzia rais mpaka MCA, yaani mwakilishi wa wodi kwenye bunge la kaunti, imenikwama kooni wiki nzima. Nisiposema nitapasuka.

Mimi ni mwalimu wa chekechea, nimeandikwa na kaunti, huu ni mwaka wangu wa tisa. Mshahara ni Sh12,000 kabla ya kukatwa. Mmesema gavana anapata zaidi ya Sh950,000 kwa mwezi na MCA zaidi ya Sh150,000, na hapo bado hujaweka marupurupu ya vikao vya kamati wala pesa za kilomita za gari. Hizo namba tumezisikia. Kitu hamkuuliza hata mara moja ni nani hulipwa kwanza pesa zikifika kaunti, na hapo ndipo uchungu wetu ulipo.

Wacha niwaambie ya muhula uliopita. Tulikuwa tumeingia mwezi wa tatu bila mshahara, na mheshimiwa wetu wa wodi akatuma ujumbe kwamba anakuja kuzindua choo cha shule, choo cha milango miwili. Tukaambiwa walimu tuchange Sh200 kila mmoja za viti, hema na soda ya wageni. Mimi hata hiyo Sh200 sikuwa nayo. Nikaenda kwa duka ninakokopa, yule mama ana daftari la kava gumu la bluu na kila mdeni ana ukurasa wake, wangu ulikuwa umejaa mbele na nyuma, unga kilo 2, sukari robo, sabuni kipande, mafuta ya Sh30, unga tena, sabuni tena. Nikamwomba kreti moja ya soda. Akaufungua ule ukurasa, akauangalia, akanyamaza, halafu akaniambia polepole, "Mwalimu, kwa heshima yako yote, mimi pia nanunua hivi vitu, hebu tungoje kwanza." Wateja walikuwa wamepanga foleni nyuma yangu na mmoja wao ni mzazi wa mtoto ninayemfundisha. Nilitoka hapo nikiwa sijui niangalie wapi. Mwalimu mkuu ndiye alinilipia. Mheshimiwa akafika saa nane badala ya saa nne, watoto wa miaka minne na mitano wamekaa juani wanaimba wimbo mmoja mara sita, wengine wamelala kwenye mchanga, akakata utepe, akapigwa picha, akatuambia walimu tuvumilie kwa sababu pesa za kaunti zimechelewa Nairobi. Mwenzangu akauliza, na nyinyi mheshimiwa mmelipwa? Akajibu bila wasiwasi wowote kwamba bunge la kaunti lina akaunti yake, kwa hivyo wao walishapata. Akaingia gari akaondoka. Alikaa na sisi kama dakika ishirini.

Sasa nieleze, mhariri, hizo pesa kutoka Nairobi zinajuaje kumpita mwalimu na mpishi wa uji na mlinzi wa zahanati, zikafike moja kwa moja kwa MCA?

Halafu kuna hii tume ya mishahara, SRC. Katiba kifungu cha 230 inaiambia ihakikishe mzigo wa mishahara ni ule nchi inaweza kubeba. Mwaka wa 2023 tume hiyo ikachapisha nyongeza ya wakubwa kwa awamu mbili, gavana atoke Sh924,000 mpaka afike Sh990,000. Mwaka uliofuata madaktari wanagenzi, ambao mkataba wao wa 2017 ulisema Sh206,000, wakaambiwa wachukue Sh70,000 maana pesa hakuna, na ushauri ni wa SRC hiyo hiyo. Madaktari wakagoma siku 56, wagonjwa wakateseka. Na ile awamu ya pili ya wakubwa haikusimamishwa na hesabu yoyote ya tume, ilisimamishwa Julai 2024 baada ya vijana kujaa barabarani na kuingia Bunge tarehe 25 Juni na wengine wakapigwa risasi wakafa. Mimi hilo siwezi kulisahau, kwamba mpaka watoto wa watu wazikwe ndio mtu aambiwe nyongeza yako ingoje.

Nakumbuka pia 2021 wakati wa BBI, ule mpango wa kubadilisha katiba, MCA waliidhinishiwa Sh2 milioni kila mmoja ya gari, ruzuku ya bure, sio mkopo tena. Wodi za nchi hii ni 1,450, piga hesabu mwenyewe.

Na nikiwa hapo niongee juu ya SHA, ile bima ya afya ya serikali, maana hii nayo inanichoma. Mshahara ukija wa miezi mitatu pamoja unakatwa asilimia 2.75 ya SHA na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, nyumba ambayo sijaiona, na sako nayo inakula faini ya kuchelewa kana kwamba ni mimi nilichelewa. Mtoto wangu akashikwa na kifua usiku, nikampeleka hospitali moja ya huku kwetu, yule dada wa mapokezi akaangalia kompyuta akasema mama, michango yako haionekani, mwajiri hajaipeleka, utalipa keshi. Nimesimama pale na mtoto mgongoni anapumua kama filimbi na pesilipu mkononi inaonyesha nimekatwa. Nikalipa na pesa ya kukopa kwa simu. Kwa hivyo mwajiri akichelewa mimi nalipa sako, nalipa hospitali, nalipa riba ya simu, yeye halipi chochote.

Pendekezo langu ni hili na nalisema nikimaanisha. Sheria iandikwe kwamba orodha ya mishahara ya kaunti ianzie chini. Jina la kwanza liwe la mlinzi wa usiku wa zahanati, halafu wafagiaji, wapishi, walimu wa chekechea, manesi, madaktari, na hiyo akaunti ya bunge la kaunti isiguswe mpaka wote hao wawe wamepata meseji ya benki. Baada ya hapo ndio MCA, spika, mawaziri wa kaunti, naibu gavana, na jina la mwisho kabisa liwe la gavana. Pesa zikikauka katikati, zikaukie huko juu. Na riba ya mikopo tuliyochukua tukingoja ilipwe na kaunti, itolewe kwa fungu la safari za nje. Hiyo haihitaji tume mpya wala benchimaki ya Dubai. Ni kugeuza orodha tu.

Leo ni tarehe 19 na mshahara wa mwezi uliopita bado. Ule ukurasa wangu kwa daftari la bluu ulijaa, sasa mama wa duka amenifungulia mwingine.

Mwalimu wa chekechea,
Pwani
(naomba jina langu lisichapishwe, bado nataka hiyo kazi)