Risala ya Wahudumu wa Afya ya Mifugo kwa Mkuu wa Wilaya, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, 28 Septemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya yetu; waheshimiwa madiwani; watendaji wa kata na vijiji; walimu, wanafunzi na wafugaji wenzetu,

Sisi wahudumu wa afya ya mifugo wa vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa Serengeti tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Leo tunachanja mbwa na paka. Tunaomba tueleze kwa nini sindano hii inamhusu na simba.

Mheshimiwa, mwanzoni mwa mwaka 1994 simba wa Serengeti walionekana wakitetemeka uso, wakipepesuka na kuanguka kwa degedege. Walikuwa na distempa, ugonjwa wa mbwa. Kati ya simba wapatao 3,000, takriban 1,000 walikufa au kutoweka, na ugonjwa ukavuka mpaka hadi Maasai Mara. Virusi vyake huenea kwa pumzi na makamasi, na penye mzoga mmoja hukutana simba, fisi na mbweha.

Damu ya simba iliyokuwa imehifadhiwa ilipopimwa, ilibainika kwamba distempa iliwahi kupita miaka mingine bila maafa. Kilichozidi mwaka 1994, na tena mwaka 2001 katika Kreta ya Ngorongoro, ni ukame. Nyati walidhoofika wakajaa kupe. Simba wakawala na kupata babesia, kimelea cha damu kinachoenezwa na kupe. Distempa hudhoofisha kinga, babesia ikamaliza kazi. Kwa hiyo mwaka wa ukame ndio usiofaa kabisa kuahirisha chanjo.

Kuhusu kichaa cha mbwa, mbwa wa kufugwa ndiye anayeuhifadhi ugonjwa huu katika ukanda wetu. Ukidhibitiwa kwake, binadamu, ng'ombe na wanyamapori husalimika pamoja. Distempa ni ngumu zaidi: mbwa wengi walichanjwa, lakini virusi viliendelea kuonekana kwa simba, kwa kuwa wanyama wa porini nao huambukizana. Tunalisema wazi ili simba akiugua, asije mtu akasema chanjo ni kazi bure.

Lengo letu ni asilimia 70 ya mbwa kila mwaka. Kijiji chenye mbwa 200 kichanje 140. Mbwa hufa na kuzaliwa haraka, hivyo ukichanja nusu leo, baada ya miezi michache kinga ya kijiji imeshuka mno. Kinachotuangusha zaidi ni watoto wa mbwa kuachwa nyumbani kwa kudhaniwa ni wadogo. Waletwe wote. Kichaa huchanjwa hata kabla ya miezi mitatu. Distempa huanza wiki ya 6 hadi ya 8, kisha hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka wiki ya 16, maana kinga ya maziwa ya mama huizima chanjo ya mapema. Na paka wasisahaulike: huzurura usiku na kukutana na paka pori, nao huambukizwa kichaa.

Chanjo hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Ya kichaa ikiganda imeharibika, hivyo barafu isiguse chupa. Tunatenganisha kwa gazeti au kadibodi. Ya distempa ni virusi hai vilivyokaushwa: ikishachanganywa na maji yake itumike papo hapo, kivulini, kwa bomba jipya la sindano. Bomba lililooshwa kwa dawa huua virusi hivyo, na mbwa hurudi nyumbani na kadi bila kinga.

Mbwa aliyekufa asitupwe porini. Azikwe zaidi ya mita moja, mawe yawekwe juu, fisi asimfukue. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo.

Mheshimiwa, tunaomba mambo matatu. Kwanza, jokofu la sola kwa kata zisizo na umeme. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Pili, chanjo ya distempa inunuliwe pamoja na ya kichaa, kwa kuwa mbwa ameshashikwa na gharama ya safari imeshalipwa. Tatu, vituo vya kuchanjia viwekwe kila kitongoji, si makao makuu ya kijiji pekee, kwani wanaoleta mbwa wengi ni watoto, na mtoto hawezi kumvuta mbwa mkali kilomita tano.

Tunaomba kuwasilisha.