Kitako cha Gorogoro: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Kisumu. Sisi wazima, na nyanya yako siku hizi anatembea bila mkongojo.

Ombi lako la laki mbili ufungue duka la pombe huko Nakuru nimelisoma mara tatu. Hesabu umezipiga vizuri. Lakini kwa kazi hiyo sitoi. Buddha alitaja biashara tano ambazo mfuasi wake asizifanye: silaha, binadamu, nyama, vileo na sumu. Sikukulazimisha kushika njia yangu, wewe ni shahidi. Ila jasho langu haliwezi kuingia mlango ambao mimi mwenyewe siuingii.

Kuna jambo sijawahi kukwambia. Ulipokuwa darasa la pili nilikuwa na gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka, iliyogongwa kitako kwa nyundo kikaingia ndani. Ukiijaza maharagwe inafurika hadi kilele, kumbe konzi nzima imebaki kwenye gunia langu. Sikuwa peke yangu pale sokoni Kibuye. Nilipoanza kuketi kimya alfajiri, nikifuata pumzi yangu, kitako kile ndicho kilichonijia, leo, kesho, keshokutwa. Nikakipeleka kwa fundi wa jua kali akakinyoosha. Unakumbuka muhula uliorudishwa nyumbani kwa pesa za shule? Ndio huo. Wateja walichukua karibu mwaka kugundua kuwa kipimo changu kimekuwa cha haki. Wa kwanza walikuwa akina mama wa vibanda vya chakula, maana wao hupima kwa sufuria. Maharagwe yao ndiyo yaliyokusomesha sekondari.

Usidhani Buddha alichukia mali. Anathapindika, mfadhili wake mkubwa, alikuwa mfanyabiashara tajiri. Na kijana Sigala alifundishwa kugawa mapato mafungu manne: moja la matumizi, mawili yarudi kazini, la nne la siku ya shida. Hizo laki mbili ni fungu la nne langu.

Hata Kazuo Inamori wa Japani, aliyeanzisha kampuni ya Kyocera mwaka 1959, alitawazwa kuwa mtawa wa Zen mwaka 1997. Mwaka 2010, akiwa na miaka 78, alikubali kuongoza shirika la ndege la Japan Airlines lililofilisika, bila mshahara. Mwaka 2012 hisa za shirika hilo zilirudi kwenye soko la hisa. Maelfu walipoteza kazi katika ufufuo huo, na hilo linaniuma, sitakuficha.

Njoo Jumapili. Lori la maharagwe kutoka Uganda linaingia kabla ya mapambazuko. Tushushe pamoja, kisha unieleze biashara nyingine.

Mama yako.