Mashine tulinunua, mchoro ukabaki Ulaya

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa ukurasa wako wa barua. Kuna msomaji majuzi alilalamika hapa kwamba viwanda vya Nairobi mashine ikikwama tu lazima mtaalamu apandishwe ndege kutoka nje, kisha akamalizia ati mafundi wetu wanajua soketi na bulbu peke yake. Hiyo ya mwisho iliniuma, manake mimi ni mmoja wao, niko Industrial Area huu mwaka wa kumi na moja na hizo mashine nazishika kila siku. Lakini ukweli ni kwamba mtaalamu analetwa, hilo sikatai. Kitu hakuuliza ni huyo mtaalamu anakuja amebeba nini ambacho sisi hatuna, na mimi nilikiona kwa macho yangu.

Wacha kwanza nieleze vile mashine zinaongea, sababu wengi wanadhani ni waya tu na stima. Zamani kila sensa, yaani kale kakifaa ka kupima, ilikuwa na waya zake mbili, ya joto zake, ya presha zake, ya kiwango cha tangi zake, zote zinatembea peke yao mpaka kwa paneli, na ndani kunapita stima kidogo sana, miliampu 4 mpaka 20. Nne ndio chini kabisa, ishirini ndio juu. Hawakuanzia sufuri makusudi, ukiona sufuri ujue waya imekatika, hapo hata mwanafunzi wa atachimenti akishika mita anaelewa. Uzuri wake ilikuwa waya moja ikiharibika ni sensa moja inanyamaza. Ubaya ni hizo waya zenyewe, sensa mia moja ni waya mia mbili, trei zinajaa mpaka panya wanapata pa kulea watoto.

Siku hizi ni kebo moja inazunguka kiwanda na vifaa vyote vimening'inia juu yake, kila kimoja na namba yake. PLC, ile kompyuta inaendesha mashine, inafanya kama mwalimu na rejista. Namba 3? Nipo, joto ni 82. Namba 9? Nipo, mota inazunguka. Namba 12? Nipo, valvu iko wazi nusu. Inazunguka hivyo mara nyingi kwa sekunde moja, na mwenye hajajibu anaandikwa hayuko. Hapo kwetu huo mtandao wa mashine ni Profibus, ile ya Wajerumani, kebo ya zambarau na ndani waya mbili, nyekundu na kijani. Sasa kila mwisho wa hiyo kebo lazima kuwe na rezista za kuzima mwangwi, sababu signali ikifika mwisho ikose pa kuzimikia inarudi nyuma, kama mtu anapiga nduru kwa godauni tupu. Hizo rezista ziko ndani ya konekta na zinawashwa na kaswichi kadogo kama punje ya mahindi. Ya mwanzo na ya mwisho zinakaa zimewashwa, za katikati zote zimezimwa. Na konekta nyingi ukiwasha kaswichi ya katikati, ile kebo inayoendelea mbele inakatwa kabisa. Ushike hapo, nitarudi.

Kiwanda sitakitaja, ni cha sabuni. Jumatatu moja saa nane usiku mashine ilisimama. Taa nyekundu kwa PLC, skrini inasema vifaa vitano havipo: 4, 11, 15, 22 na 30. Vilivyokuwepo ni 3, 7, 9, 12, 18 na 26. Angalia hizo namba uniambie unaona nini. Sisi hatukuona kitu, tulidhani vifaa vitano vimekufa mara moja pengine stima ilipanda, tukabadilisha viwili na vipya kutoka storo, wapi. Tukazima stima tukapima kebo pale kwa PLC, mita ikasoma omu 110 hivi, na hiyo ndiyo namba nzuri kabisa ya Profibus iliyofungwa sawasawa, tukasema basi kebo haina neno. Kumbe namba nzuri ndiyo ilitudanganya.

Na wakati sisi tunapima, sabuni inaganda. Msomaji wangu hii ndio sehemu huwa haiandikwi kwa ripoti. Mtandao ukipotea valvu za mvuke zinajifunga, hiyo ni usalama na ni sawa, lakini joto likiisha sabuni ndani ya mabomba inakuwa kama mshumaa. Ilipofika asubuhi vibarua walikuwa wanagonga bomba na mbao na kumwaga maji moto, wengine karibu arobaini wakarudishwa kwa geti, na kibarua akirudishwa kwa geti hiyo siku hana kitu, hata mama wa chapo madondo pale nje alirudi na sufuria zimejaa. Hivyo Jumanne, Jumatano, mpaka Alhamisi jioni mtaalamu alipotoka JKIA.

Alikuwa kijana mpole, hakutudharau hata. Alikaa juu ya ndoo, akafungua laptopu, na kabla hajaguza mashine akafungua mchoro. Ukurasa mmoja. Nilichungulia begani: kebo inatoka kwa PLC inaenda 3, inaenda 18, 7, 26, 12, halafu 9, na baada ya 9 ndio wale wetu watano wote waliokosekana. Nilitaka kulia. Namba hazikufuata njia ya kebo, aliyefunga mashine alizigawa vile alitaka, lakini ukiwa na mchoro hata mtoto wa darasa la tano anakuonyesha shida iko wapi. Kijana akauliza 9 iko wapi, nikampeleka, ni inverta, kile kifaa cha kupunguza na kuongeza kasi ya mota, ya pampu ya kuchanganyia, iko chini ya ngazi. Akainama na tochi, akasukuma kaswichi na ukucha. Taa ikawa kijani. Chai yake ilikuwa bado moto.

Ile 110 tulipata ilikuwa kwa sababu kaswichi cha katikati kilijifanya ndio mwisho wa kebo, kwa hivyo upande wa PLC kila kitu kilionekana kamili. Tungepima kutoka ule mwisho mwingine mita ingesoma mara mbili, sababu huko ilibaki rezista ya mwisho mmoja tu, na hiyo mtu angeshtuka. Lakini ule mwisho mwingine uko wapi? Bila mchoro hata hilo hatukujua. Na niseme ukweli wa Mungu, pengine kaswichi ni mimi nilikiguza, Jumapili nilikuwa nimefungua hiyo inverta kuitoa vumbi.

Nilimwomba anitumie huo ukurasa. Akasema pole, ni mali ya kampuni, niandikie ofisi. Programu ya PLC nayo ina paswedi na paswedi wanayo wao. Yaani mwenye kiwanda amelipa mashine, amelipa meli, amelipa ushuru, amelipa kufungiwa, halafu karatasi ya kuonyesha waya zake mwenyewe zinapita wapi iko kwa laptopu ya mtu mwingine bara lingine. Ile mfuko ya plastiki huwa kwa mlango wa paneli, imewekwa makusudi ya kutia michoro, yetu nilipoifungua nilipata orodha ya chama ya 2019 na nani hajalipa.

Ndio nasema wakubwa wa kununua, mnaponunua mashine ulizeni vitu vya kuguswa na mkono kabla hamjatia sahihi, mchoro wa kebo na kila namba na mahali ilipo, nakala ya programu pamoja na paswedi, zile faili za GSD ambazo bila hizo PLC haiwezi kumtambua mgeni ukibadilisha kifaa, na seting za inverta zimeandikwa mahali, na mshikilie malipo ya mwisho mpaka viwe mezani. Mtu wa ununuzi kwetu aliniambia hakuuliza kwa sababu hakujua ni kitu cha kuulizwa. Namwamini. Alibishana bei wiki tatu na mimi fundi hakuna mtu aliniita hata dakika moja.

Wauzaji wanasema wanafunga kwa ajili ya usalama. Kuna ukweli ndani, mitandao mingi ya viwandani ilitengenezwa kama hakuna mwizi duniani. Modbus, mtandao mwingine wa mashine wa 1979, ambayo bado iko kwa mita za stima na majenereta hapa mjini, kwa asili haina paswedi, ukishika waya zake mbili unaweza kusoma na hata kuandika. Na ile Stuxnet, virusi vya kompyuta, iligunduliwa 2010 ilikuwa inatafuta inverta zilizofungwa kwa Profibus kabisa. Sawa, fungeni, wekeni kufuli kwa paneli, laptopu ya kiwanda isiende saiba, ninakubali yote. Lakini kumfungia mwenye nyumba nje ya nyumba yake hiyo ni usalama wa nani?

Na huwezi kusema fundi asome tu lugha moja amalize. Wakubwa wa dunia walibishana miaka mingi juu ya mtandao gani uwe wa wote, na 2000 ile standadi ya IEC 61158 ikatoka na aina nane ndani, kila mtu akapewa chake waende nyumbani. Kwa hivyo kiwanda kimoja hapa Likoni Road unaweza kukuta mashine ya Mjerumani na Profibus, ya Mwitaliano na kingine, mita na Modbus, na sensa za zamani za 4 mpaka 20 zenye HART, lugha nyingine ya kompyuta, imepanda juu ya waya zilezile, kama matatu imebeba kuku juu ya keria. Modbus nilijifundisha mwenyewe na kale kakibadilishi ka USB nilinunua Luthuli, sababu sheria zake zimechapishwa wazi mtu yeyote asome. Kwa hivyo kichwa ya kujifunza tuko nayo, bwana msomaji wa soketi na bulbu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikienda Jumapili mashine zikizimwa, natambaa na tochi nikifuata kebo ya zambarau konekta kwa konekta, nachora nyuma ya kalenda. Karibu nimalize, na imeshabandikwa kwa mlango wa paneli pale palikuwa na chama. Kuna mahali pamoja pamenishinda. Ikitoka 22 kebo inaingia chini ya saruji karibu na boila, inatokea pande mbili, na siwezi kujua inapitia 4 kwanza ama 30. Nimeweka alama ya kuuliza na penseli. Barua pepe tumetuma tatu. Kama wakala wao wa hapa Nairobi husoma gazeti hili, huo mchoro wote wakae nao tu, mimi wanijibu hiyo moja: ni 4 ama ni 30?

Fundi wa shifti ya usiku,
Industrial Area, Nairobi